Mtumbwi wa Baba Ulivyopanda Lori

Baba yangu alichonga mtumbwi mahali ambapo hapakuwa na maji. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nimesahau kuutaja mto. Mto haukuwapo. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Isikizya, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Tabora mjini, na maji tuliyoyajua yalikuwa ya kisima, yale ya kuchota kwa kata na kubeba kichwani kwa uangalifu. Katikati ya ukavu huo, mzee aliyekwisha kupita miaka sitini aliangusha mninga mkubwa, akakaa nao viangazi viwili na shoka na tezo, akiutoa utumbo kidogo kidogo.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Mmoja alimwuliza kama amepata habari za gharika. Mwingine akasema chombo kile kitafaa kunyweshea ng'ombe, na wa tatu akakiomba kwa ajili ya pombe ya harusi ya mwanawe. Baba aliwaitikia wote kwa upole, akaendelea kuchonga. Mimi nilikuwa nimeolewa mjini, Kanyenye, na sikucheka hata kidogo. Mimi nilikasirika. Kila nilipokwenda kumsalimia nilikuta mtumbwi umeongezeka kina na baba amepungua mwili, na kwa kuwa katika watoto wake nilikuwa nimebaki peke yangu, aibu yote ya kijiji niliibeba mimi.

Siku moja nikamkabili. Nilimwambia, "Baba, watu wanasema umechanganyikiwa."

"Waache waseme." Akaweka tezo chini. "Njoo hapa. Simama mbele yangu. Haya, sasa sogea pembeni kidogo, huko kwenye mkono wangu wa kushoto."

Nikasogea. Uso wake ukabaki umeelekea pale nilipokuwa nimesimama mwanzo.

"Jicho la kushoto limekwisha," alisema. "Hili la kulia limeanza kuingia ukungu. Bwana mganga wa hospitali ameliangalia, na mganga wetu wa huku ameliangalia, wote wameguna tu. Mwanangu, nataka nikae juu ya maji, ndani ya chombo changu mwenyewe, hali bado naona. Baada ya hapo giza na lije."

Nilikaa juu ya vibanzi vya mninga, vyekundu na vyenye harufu nzuri, nikaona haya kwa hasira niliyokuja nayo kutoka mjini.

Yapasa nieleze jambo moja juu ya baba. Ujanani mwake, kabla reli haijafika Tabora, alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kwa bega hadi Ujiji na kurudi, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kama kisigino. Sisi watoto wake tulilelewa kwa hadithi za ziwa la Ujiji: maji yasiyo na ng'ambo, maji yanayopumua, maji ambayo yeye kwa mkono wake aliyapiga kafi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tulimwamini. Tusingemwaminije, na sisi hatujawahi kuona maji mapana kuliko dimbwi la masika?

Mume wangu naye alikuwa dereva. Aliendesha lori la tajiri mmoja wa mjini aliyenunua nta na asali, gari kuukuu lililobaki kutoka vitani, la rangi ya majani yaliyokauka. Kila kiangazi, njia za porini zikishakauka, lori hilo lilipita Urambo, likakata kusini hadi mto Ugalla walikokuwa na kambi warina asali, likakaa huko siku nane au kumi mpaka mavuno yakusanyike, ndipo likarudi limejaa. Lilikwenda tupu. Hilo neno "tupu" lilikuwa likipita masikioni mwangu kila mwaka bila kusimama, na mwaka ule lilisimama.

Nikamwambia mume wangu. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kupanga mizigo. Sijaona mayai yakivunjika katika gari lake. Alifikiri sana, kisha akasema tajiri hatakataa, mradi kurudi tusirudi na mtumbwi. Utabaki huko huko kwa warina asali. Halafu akakuna kichwa.

"Shida yako nini tena?" nikauliza.

"Nani atamwambia mzee namna ya kuufunga?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikaanza kushona hema la kitambaa cha marekani, kwa sababu niliapa kwamba safari ile sitaachwa.

Asiye mtu wa kwetu hataielewa shida ya mume wangu nisipomweleza. Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Mume wangu alimsalimia baba kwa kuchuchumaa pembeni, macho chini, na katika miaka tisa ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akimwambia "hapana." Baba angesema kunguru ni mweupe, bwana yule angejibu kwamba weupe wake unapendeza. Jambo gumu likitokea kati yao, lilipitia kwangu. Mimi nilikuwa daraja, na mara nyingi daraja lililokanyagwa na pande zote mbili.

Lori lilifika kijijini asubuhi, mwanzoni mwa kiangazi. Baba alikuwa amekusanya wanaume kumi na wawili. Nilitazamia watauinua mtumbwi, wautie garini, basi. Sivyo. Mzee alisimama mbele yao na fimbo, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kifuani mwake, sauti ya kirangozi, yule aliyetangulia msafara wa wapagazi zamani na ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Wale wanaume wakaitikia. Mtumbwi ukapaa begani mwao kana kwamba ni mzigo wa pamba. Kutoka kwenye shina la mninga hadi kwenye lori palikuwa na hatua themanini hivi. Baba aliwapitisha kisimani, akawapitisha kwa kila aliyecheka, akawazungusha kijiji kizima ndipo akawafikisha. Yule aliyemwuliza habari za gharika alitoka mlangoni akasimama kutazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona baba yangu akiwa kijana.

Mtumbwi ulikuwa mrefu kuliko lori, mkia wake ukatokeza nyuma kiasi cha hatua mbili. Nikaufunga kitambaa chekundu ili watu wasijigonge. Mume wangu alikuwa ameleta magunia matupu ya kuwekea chini na kamba za katani, laini, ndefu. Baba akazichukua zile kamba, akazipima kwa vidole, akazitupa pembeni.

"Hizi ni za kufungia mbuzi," alisema.

Akaleta ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa jana yake, mbichi kabisa, imekatwa mikanda mipana ya viganja viwili, inachuruzika maji na kunuka. Hivyo ndivyo wapagazi walivyofunga pembe za ndovu kwenye miti yao ya kubebea. Ukifunga ngozi ikiwa mbichi, alieleza, jua lenyewe linakukazia. Ikikauka, hata ukianguka na mzigo mlimani haufunguki. Akazungusha mikanda minne kuanzia mbele hadi nyuma, akaivuta kwa mguu, akapiga mafundo.

Mume wangu alitazama ile mikanda. Alitazama kuta za mtumbwi, ambazo baba alizichonga nyembamba sana ili mzigo usiwe mzito kwa wabebaji. Akanitazama mimi.

"Umeonaje, mkwe?" baba akauliza.

"Ni sawa, Baba," akasema.

Nilidhani kinachomsumbua ni harufu.

Baba alikataa kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma, akaingia ndani ya mtumbwi, akatandika mkeka kati ya mikanda, akakaa na kanzu yake safi na kofia niliyomshonea. Mimi nilijibana ubavuni mwa mtumbwi na vyombo vyetu: hema, masufuria mawili, debe la unga, chumvi, taa ya chemli, nyavu, shoka, na kapu langu la kushonea ambalo sikuliacha nyumbani hata siku moja. Mume wangu alikaa peke yake kwenye usukani, na nadhani alimshukuru Mungu.

Tukapita mjini. Kanyenye nzima ilisimama. Mafundi cherehani waliinua miguu kwenye pedali, wauza kahawa wakaacha kumimina, na wanawake wenzangu wa mtaani walinitazama kwa macho ambayo nilijua yatanigharimu mwezi mzima wa kujieleza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Nahodha! Bahari iko wapi?" Baba akainua mkono kama liwali anayepita, akajibu, "Naifuata!" Watu wakapiga vigelegele. Nilitaka kujifunika kanga usoni, lakini nikagundua kwamba mimi nami nacheka.

Kutoka pale tukaishika njia ya magharibi, ile ile ya misafara ya zamani. Miombo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Kulikuwa na majani ya kijani, ya shaba na ya manjano, msitu umesimama pande zote mbili bila mwisho, na vumbi letu likining'inia nyuma. Mara nikamsikia baba akisema peke yake, "Siku ya kwanza."

"Unasemaje, Baba?"

"Hapa, kwenye mawe haya. Ukitoka Tabora na mzigo, hapa ndipo unapolala siku ya kwanza."

Nilitazama jua. Hata saa moja haijatimia tangu tutoke mjini. Tukaenda tena, lori likiguna kwenye mchanga, na baada ya muda kama ule akasema, "Siku ya pili. Maji ya hapa yana chumvi." Lilipotokea bonde lenye mchwa wengi, vichuguu virefu kuliko mtu, akavua kofia.

"Siku ya tatu," alisema. "Hapa tulimwacha mwenzetu. Alikuwa na homa, akaweka mzigo chini, akasema anapumzika kidogo. Tulimzika kwa majembe tuliyokuwa tumebeba ya kuuza."

Lori lilikwisha kulipita bonde kabla hajamaliza kusimulia. Siku nzima ya maisha yake, ya kiu na bega linalovuja damu, ilikuwa inapita chini ya magurudumu kwa muda wa kupika chai. Sijui mtu anapaswa kujisikiaje kwa jambo kama hilo. Mimi niliogopa, nikashika ukingo wa mtumbwi. Baba aliendelea kuhesabu, siku ya nne, siku ya tano, wala hakuvaa kofia tena mpaka tulipoiacha njia ya Ujiji na kukata kusini.

Jua lilikuwa utosini. Tulikuwa kwenye uwazi usio na kivuli, mchanga mweupe unaochoma macho, ndipo tuliposikia mlio. Ulikuwa mlio mfupi, mkavu, kama mtu aliyevunja mfupa wa mguu. Baba aliruka palepale alipoketi. Nikapiga paa la gari kwa kiganja, lori likasimama.

Mikanda ilikuwa imekauka. Nimeshika chuma kingi maishani na nakiri kwamba ile haikuwa tofauti na chuma. Jua lilikuwa limekaza kama alivyosema mzee, tena limekaza kupita alivyosema, na pembe ya ndovu ni kitu kilichojaa, lakini mtumbwi una uwazi ndani. Kuta zake nyembamba zilikuwa zimevutwa ndani, mdomo umebanwa kama wa mfuko wa tumbaku, na chini, kwenye tumbo, ulikuwapo ufa mrefu kama mkono wangu kuanzia bega hadi vidole. Kupitia ufa ule niliona sakafu ya lori.

Baba aliupitisha mkono juu ya ufa, mara moja, akarudi, mara ya pili. Alishuka akaenda kusimama mbali, mgongo kwetu, na huo mgongo sitausahau.

Nilimgeukia mume wangu. "Wewe ulijua."

Alitazama viatu vyake.

"Ulijua kule kijijini! Fundi mizigo mzima! Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba hajui kufunga mzigo?" alijibu kwa sauti ndogo. "Mtu aliyebeba hadi Ujiji?"

"Mimi je? Si ungeniambia mimi?"

"Alikuwa amesimama hapo hapo."

Ninayo hasira ya haraka, na siku ile niliitumia yote. Nilimwita majina ambayo hayafai kuandikwa. Viangazi viwili vya shoka, jicho moja lililobaki, na vyote vimevunjwa kwa heshima! Nilipomaliza alikuwa ametoa kisu, na bila kujitetea akaanza kuikata mikanda. Ilikatika kwa shida, kila mmoja ukiruka kwa kishindo. Uliporuka wa tatu nikaona kitu. Kuta zilirudi nje kidogo, na ule ufa nao ukapungua.

"Ngoja," nikasema. "Kata wa mwisho."

Akakata. Ufa ukapungua tena. Haukufunga, lakini sasa hata kidole kisingeingia. Nikaweka mikono yangu ndani ya mtumbwi, nikasukuma kuta mbili kwa nguvu zangu zote kwenda nje.

"Tazama chini," nilimwambia. "Mdomo ukipanuka, ufa unafumba."

Mume wangu akachukua shoka bila kuambiwa, akaingia porini. Alirudi na miti mitatu migumu, akaipima, akaikata urefu uliozidi upana wa mtumbwi kwa vidole viwili, akaipigilia kwa nyundo ya gari kati ya ukuta na ukuta. Kwa kila pigo ufa ulijibana. Baba alisikia nyundo, akarudi polepole, akapapasa ile miti mitatu iliyopinga mtumbwi ndani.

"Mitumbwi ya Ujiji inayo miti hii," alisema. "Wanaikalia."

Nikataka kumwuliza kwa nini basi hakuiweka tangu mwanzo, na yeye alikuwa amepiga kafi kwenye ziwa lile mpaka viganja vikachubuka. Alikuwa akikalia nini? Lakini uso wake haukuwa uso wa kuulizwa maswali, nikameza. Tukaugeuza mtumbwi kifudifudi juu ya magunia, tukaufunga kwa zile kamba za kufungia mbuzi, ambazo mume wangu hakuziacha kijijini.

Tulifika kambini alasiri. Warina asali walitupokea vizuri, wakatuonyesha mahali pa kusimamisha hema, na waliposikia habari yetu hawakucheka, jambo lililonishangaza. Kwenye kapu langu nilikuwa na donge la nta la kupakia uzi. Halikutosha, wakanipa nyingine, ya manjano, inanuka maua. Niliiyeyusha kwenye sufuria langu zuri, nikachovya vipande vya marekani vilivyobaki kwenye hema, nikavishindilia ndani ya ufa kwa ncha ya kisu, tabaka juu ya tabaka, jinsi ninavyojaza tundu la kofia. Vidole vikaungua, sufuria likaharibika moja kwa moja. Kisha tukaujaza mtumbwi majani mabichi na maji, mti uvimbe mpaka asubuhi.

Sikuwa bado nimeutazama mto. Kazi ilinishika, na jua likazama. Asubuhi nilitoka hemani nikiwa na kata mkononi, nikashuka kati ya matete, nikakutana nao.

Nitasema nini? Mimi mtu wa kisima. Maji yalikuwa yamelala mbele yangu, mapana kuliko barabara kuu ya Tabora mara tano, yanakwenda bila kuharakisha na bila kusukumwa na mtu. Ukungu ulikuwa unainuka juu yake. Ndege weupe walisimama ndani kana kwamba wana kibali. Na yote hayo yalikuwa yanapita usiku na mchana, tangu nizaliwe na kabla, wakati mimi nagombana kisimani kwa ndoo moja. Nilisahau kuchota. Machozi yakanitoka bila sababu ninayoweza kuitaja mpaka leo.

Wanaume waliuleta mtumbwi wakautia majini. Ukaelea. Nta ilishika, hata tone halikuingia. Mume wangu alishika kamba iliyofungwa mbele, na sote tukamtazama baba. Alikuwa amesimama kwenye mchanga na kafi lake jipya, na hakusogea.

"Panda, Baba," nikasema.

Hakusogea.

Nilimkaribia. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Sijawahi kupanda."

"Na Ujiji?"

"Ujiji nilifika. Tulitua mizigo mchangani, jioni. Mitumbwi niliiona kwa macho, watu wamekaa ndani wanacheka. Asubuhi tukapewa pembe, tukageuzwa. Mara tatu nilifika, mara tatu nikageuzwa. Mpagazi hapandi, mwanangu. Mpagazi anafikisha."

Hadithi zote zile, malengelenge yote yale. Wala sikumkasirikia, mimi ninayekasirika kwa lolote. Nilimshika mkono wenye kafi, nikamwingiza majini mpaka magotini, na yeye akanifuata kama mtoto, akainua mguu, akakaa juu ya mti wa katikati. Mtumbwi ukayumba. Akashika kuta mbili, macho yamefumba kabisa. Kisha akalifumbua jicho lake la kulia.

Halafu, bila kugeuka, akasema, "Mkwe. Achia kamba."

"Usiachie!" nikapiga kelele.

Mume wangu alinitazama mimi. Akamtazama mkwe wake. Nilimwona akiteseka, kweli nilimwona.

"Sawa, Baba," akasema, akaachia.

Mto ukamchukua. Baba alitia kafi, akapiga hewa, akapiga maji, mtumbwi ukazunguka ukatuonyesha uso wake, kisha kisogo, kisha uso tena. Halafu akaliweka kafi magotini, akaacha. Akaenda tu, wima, kofia kichwani, mpaka ukungu wa kwenye kona ukamfunika. Kutoka huko chini tukasikia viboko wakikoroma.

Nilikimbia. Matete yalinichana miguu, kanga ikabaki kwenye mwiba, na nyuma yangu mume wangu alikuwa anaita kwamba kuna mamba, kuna mamba, nisiingie. Nilikuwa naomba dua na kulaani katika pumzi moja. Nilijiona nikirudi kijijini bila baba. Jicho lile la kulia lilikuja kuzimika kabla ya masika yaliyofuata, kama waganga walivyoguna, lakini asubuhi ile mimi sikujali jicho wala mtumbwi. Nilimtaka baba yangu tu.

Nilipoizunguka kona, nilimwona. Mtumbwi ulikuwa umekwama kwenye ulimi wa mchanga kati ya mayungiyungi, hatua ishirini kutoka ukingoni, na viboko walikuwa mbali upande wa pili, masikio tu yanaonekana. Baba alikuwa amekaa vile vile. Ukungu ulikuwa umefunguka juu yake na jua limempiga usoni. Alikuwa anageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, juu, chini, kila mahali, kama mtu anayekula na hataki kuacha hata punje.

Niliingia majini hivyo hivyo. "Baba, unataka kuniua?" nilikuwa napiga kelele. "Mzee mzima! Na lile jitu lako la kusema sawa-sawa! Nyote wawili mnataka kuniua!" Maji yakafika kiunoni, baridi, na mimi bado nagomba.

Alinisikia, akageuka. Alinitazama kwa lile jicho moja kwa muda, mimi binti yake niliyelowa, nywele wazi, nimejaa matope.

"Shikamoo," akaniambia.

Sijawahi kusikia, kabla ya hapo wala baada yake, mzazi akimwamkia mtoto wake hivyo. Hakuwa anatania. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mikono miwili juu ya magoti, akingoja marahaba kama mdogo mbele ya mkubwa wake.

Sikuweza kuitikia. Nilishika mdomo wa mtumbwi, nikaanza kuuvuta kuelekea ukingoni, huku nalia.